Kumuuguza mtu anayeelekea mwisho: mafunzo ya tiba shufaa ni nini, na yaanzie wapi vijijini kwetu

Msikilizaji mmoja kutoka kata ya Migato, wilayani Itilima, alipiga simu studio wakati kipindi cha afya kikikaribia kwisha. Mama yake mzazi alikuwa ametolewa hospitali, na familia iliambiwa ikamhudumie nyumbani. Walimpakia kwenye gari pamoja na godoro lake, wakarudi kijijini. Usiku mama alilia kwa maumivu mpaka majirani wakasikia. Msikilizaji alitaka kujua jambo moja tu: hapo nyumbani, wamhudumie vipi?

Nilimpa pole, nikamshauri arudi kituo cha afya aombe dawa ya maumivu, kisha tukaingia kwenye taarifa ya habari. Jibu lile halikunitosha hata mimi niliyelitoa. Makala haya ni jibu refu zaidi kwake na kwa wengine walio kwenye hali kama yake. Yanaeleza tiba shufaa ni nini, mafunzo yake yana nini ndani, wapi yameshafanyika katika Afrika Mashariki, na familia au kijiji kinaweza kuanza na nini.

Tiba shufaa ni nini?

Tiba shufaa ni huduma kwa mtu mwenye ugonjwa unaotishia maisha yake, pamoja na familia inayomuuguza. Kazi yake ni kupunguza mateso ya aina zote: maumivu ya mwili, hofu na huzuni ya moyoni, matatizo ya kifamilia na kipato, na maswali ya kiroho. Wengine huiita huduma shufaa. Neno shufaa tumelizoea kwenye lugha ya dini, likiwa na maana ya kumwombea mtu na kusimama upande wake. Maana hiyo haiko mbali na kazi yenyewe.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza, wengi hudhani huduma hii huanza pale madaktari wanaposhindwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ianze mapema, sambamba na matibabu mengine. Mgonjwa wa saratani anaweza kuwa kwenye mionzi na wakati huohuo akapata huduma ya kutuliza maumivu.

La pili, wengine huogopa kwamba ni njia ya kumharakishia mtu kifo. Kwa maelezo ya WHO, tiba shufaa haiharakishi kifo wala haikicheleweshi. Inamsaidia mtu aishi vizuri siku alizo nazo, ziwe tano au ziwe elfu moja.

La tatu ni kudhani kwamba ni ya saratani peke yake. WHO inakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 duniani wanaihitaji, na milioni 25.7 kati yao wako kwenye mwaka wao wa mwisho wa maisha. Kwa watu wazima, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yanachukua asilimia 38.5 ya mahitaji hayo, saratani asilimia 34, magonjwa sugu ya mfumo wa hewa asilimia 10.3, UKIMWI asilimia 5.7 na kisukari asilimia 4.6. Mzee aliyepooza kwa kiharusi, au baba ambaye moyo umechoka na miguu imevimba, naye yumo kwenye hesabu hiyo.

Pamoja na ukubwa huo wa mahitaji, WHO inasema ni takriban asilimia 14 tu ya wanaohitaji huduma hii ndio wanaoipata. Kwa watoto, asilimia 98 ya wanaoihitaji wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu yao wako Afrika.

Ilitoka wapi hadi kufika kwetu

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa huduma hii kwa sura yake ya sasa ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, na baadaye akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Ni yeye aliyefundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayakai mwilini tu, na kwamba daktari akitibu mwili na kuiacha hofu, kazi amefanya nusu.

Barani Afrika, hospisi ya kwanza ilianzia Harare, Zimbabwe, mwaka 1979. Nairobi Hospice ikafuata mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, aliyewahi kufanya kazi Nigeria, Singapore na hapo Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilianza huduma hii mwaka 1999, na baadaye hospitali nyingine za KKKT zikafuata mfano wake. Muheza, mkoani Tanga, ilianza mwaka 2001. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam imekuwa kituo kikubwa cha huduma na cha mafunzo kwa wahudumu wa mikoani. Miaka ambayo UKIMWI ulijaza wagonjwa vijijini ndiyo iliyotufundisha wengi wetu maana ya huduma za wagonjwa majumbani: watu wa kujitolea walitembea nyumba kwa nyumba wakiwa na mkoba wa sabuni, glavu na dawa za kutuliza maumivu. Walitokea kanisani, msikitini na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wengi hawakuwa na cheti chochote cha afya.

Kwa nini jambo hili linaihusu Simiyu

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika mkoa. Wengi wanaishi vijijini kwa pamba, mahindi na mifugo. Mtu wa Migato anayeugua ugonjwa mzito huanzia zahanati, akapandishwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, akafika hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bariadi, na akishindikana hapo hupelekwa Bugando, Mwanza.

Safari ya kwenda ina barua ya rufaa, vipimo na miadi. Safari ya kurudi, pale ugonjwa unapokuwa hauponi tena, mara nyingi haina barua yoyote. Mgonjwa anarudi kwa watu wale wale waliomtoa: mke, binti, mkwe, jirani. Hao ndio watakaokuwa wauguzi wake mpaka mwisho, na hakuna aliyewafundisha.

Jambo moja linanishangaza kila nikilifikiria. Sisi tuna utaratibu imara sana wa mazishi. Karibu kila kitongoji kina chama cha kufa na kuzikana, chenye daftari la michango, sufuria, turubai na zamu za kuchota maji. Mtu asipokwenda msibani anaulizwa. Lakini miezi mitatu kabla ya msiba huo, mama aliyelala ndani anauguzwa na binti mmoja aliyeacha shule, na hakuna daftari wala zamu kwa ajili yake. Tumejipanga vizuri kuzikana. Kuuguzana bado hatujajipanga.

Nani anafundishwa, na kwa kiwango gani?

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi kuingiza tiba shufaa katika mfumo wa afya. Azimio hilo linataja ngazi tatu za mafunzo kwa wataalamu: ya msingi kwa wanafunzi wote wa udaktari na uuguzi, ya kati kwa wanaokutana mara kwa mara na wagonjwa wenye magonjwa yasiyopona, na ya kibingwa kwa wanaoshughulikia kesi ngumu.

Chini ya ngazi hizo kuna watu wa kawaida, na hao ndio wengi. Mfano unaosomwa zaidi duniani ni wa jimbo la Kerala, India. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wanakijiji wa kule walianza kufundishwa kama watu wa kujitolea: saa 16 za darasa na siku nne za kwenda nyumbani kwa wagonjwa pamoja na wauguzi wazoefu. Waliofundishwa walikuwa walimu, wakulima, wafanyabiashara na wanafunzi. Wao walitambua wagonjwa mtaani, wakachangisha nauli na chakula, wakakaa na familia. Muuguzi alikuja kwa mambo yanayohitaji ujuzi wake. Mwaka 2008 serikali ya jimbo hilo ilitoa sera ya tiba shufaa inayoitambua kazi hiyo ya jamii.

Uganda walichukua njia yao. Hospice Africa Uganda ilifundisha wauguzi na matabibu kwa kozi ndefu, lakini pia iliandaa kozi fupi kwa watu wa kujitolea, viongozi wa dini na hata waganga wa jadi. Sababu ni ya wazi: mgonjwa wa kijijini hupita kwa hao wote.

Kwetu sisi mlango upo. Januari 2024 serikali ilizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliolenga kupata wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wakipewa mafunzo ya miezi sita. Mhudumu wa namna hiyo anaishi kitongojini na anajua nyumba ipi ina mgonjwa wa siku nyingi. Akiongezewa masomo ya kumuuguza anayeelekea mwisho, anakuwa daraja kati ya kitanda cha mgonjwa na zahanati.

Masomo yenyewe yana nini ndani?

Kozi hutofautiana kwa urefu, lakini masomo ya msingi yanafanana. Haya ndiyo makubwa.

1. Kukaa na kusikiliza. Hili hufundishwa kwanza, na wengi hulikuta gumu kuliko yote. Mhudumu anajifunza kuingia kwa adabu ya mahali, kusalimia kwanza, kuketi chini usawa wa mgonjwa, na kuacha kimya kiwepo. Kwa bibi wa Migato anayezungumza Kisukuma, anaanza na "mwangaluka, mayu", hakimbilii Kiswahili cha hospitali. Anajifunza pia maneno ya kuepuka. Kumwambia mtu "usijali, utapona" wakati kila mtu chumbani anajua hali ilivyo humfungia mlango asiseme hofu yake. Swali kama "Ni nini kinachokusumbua zaidi siku hizi?" humfungulia.

2. Kupima maumivu. Maumivu hayaonekani kwenye kipimo cha damu. Anayeyajua ni mgonjwa mwenyewe. Wahudumu wa Afrika hutumia mkono: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vitano ni maumivu makali kabisa. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuonyesha vidole. Mhudumu anaandika namba asubuhi na jioni, na anapokwenda zahanati ana kitu cha kumwonyesha mganga.

3. Mwili na usafi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo hukaguliwa kila siku. Shuka likilowa linabadilishwa mara moja. Kinywa kinasafishwa kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, na midomo inapakwa mafuta. Anayegusa damu, kinyesi au usaha huvaa glavu, na zisipokuwepo hufunika mkono kwa mfuko safi wa plastiki. Kwa kidonda cha saratani kinachotoa harufu, mtaalamu wa afya anaweza kuelekeza vidonge vya metronidazole visagwe na kunyunyizwa juu yake. Harufu ikipungua, wageni wanarudi, na mgonjwa anaacha kujiona takataka.

4. Chakula. Methali yetu inasema mgonjwa haulizwi uji. Kwenye huduma hii anaulizwa. Mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kumlazimisha kunaweza kumpalia. Vijiko viwili vya uji anaoutaka ni bora kuliko bakuli zima la kulazimishwa. Kwa familia zetu somo hili ni chungu, kwa sababu kulisha ndiyo lugha yetu ya upendo. Mafunzo huwasaidia waone njia nyingine: kumlowesha midomo, kumpaka mafuta miguuni, kumshika mkono.

5. Kusema ukweli kwa hatua. Wataalamu hufundishwa kutafuta mahali pa faragha, kuuliza kwanza mgonjwa anajua nini tayari, kuuliza anataka kujua kiasi gani, kisha kusema kwa maneno mepesi na kungoja. Mhudumu wa jamii si kazi yake kutangaza ugonjwa. Lakini hufundishwa kutodanganya anapoulizwa, na kumwunganisha mgonjwa na mtaalamu.

6. Imani. Mgonjwa anaulizwa anamtaka nani: padri, mchungaji, shehe, au mzee wa ukoo. Mhudumu haleti dini yake mwenyewe kitandani.

7. Kumtunza anayeuguza. Mke aliyekesha wiki sita naye ni mgonjwa. Mafunzo mazuri huwa na somo zima juu ya kupokezana zamu, kulala, na kuomba msaada bila aibu.

Dawa ya maumivu makali

WHO ilitoa mwaka 1986 mwongozo unaofananishwa na ngazi yenye vipandio vitatu. Kipandio cha kwanza ni dawa kama paracetamol na ibuprofen. Cha pili ni kama codeine au tramadol. Cha tatu ni morphine. Mgonjwa hapewi dawa pale tu anapolia. Hupewa kwa saa, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi.

Morphine ya maji hutengenezwa na wafamasia kutokana na unga wake, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kwa kazi inayofanya. Uganda huitia rangi kutofautisha nguvu: kijani ndiyo nyepesi, nyekundu ina nguvu zaidi, bluu ni kali kuliko zote. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne. Huleta kufunga choo, hivyo daktari huambatanisha dawa ya kulainisha choo. Siku za mwanzo inaweza kuleta usingizi na kichefuchefu.

Hofu ya watu ni uraibu. Mgonjwa mwenye maumivu makali anayepewa kipimo sahihi chini ya uangalizi hayuko sawa na mtu anayetafuta ulevi. Hofu hiyo imewaacha watu wengi wakifa wakilia. Hata hivyo hii ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na kipimo chake huamuliwa na mtaalamu aliyefundishwa. Familia isiongeze wala isipunguze kwa kukisia, na isimpe mtu mwingine hata kama anaumwa vivyo hivyo. Chupa ikae mbali na watoto.

Tatizo la vijijini ni kwamba mwenye ruhusa ya kuiandika yuko mbali. Uganda walibadilisha kanuni zao mwaka 2004, na wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika. Hatua hiyo ilitazamwa na nchi nyingi, kwa sababu ilionyesha kwamba mafunzo yanaweza kusogeza dawa mpaka mlangoni kwa mgonjwa.

Siku za mwisho zinavyokuwa

Hofu kubwa ya wanaouguza ni kutojua kitakachotokea. Mafunzo huwaambia mapema. Mgonjwa hulala muda mrefu zaidi. Hukataa chakula, kisha maji. Mikono na miguu hupoa. Pumzi hubadilika: hukata kidogo, kisha hurudi. Wakati mwingine koo hukoroma kwa sababu hawezi tena kumeza mate. Sauti hiyo huwatisha ndugu kuliko inavyomtesa mgonjwa. Kumlaza ubavu mara nyingi huipunguza.

Huu si wakati wa kumtikisa, kumnywesha kwa nguvu au kukodi pikipiki usiku kumkimbiza barabarani, kama mgonjwa na familia walishakubaliana na wataalamu abaki nyumbani. Wahudumu hufundishwa kuendelea kumsemesha mgonjwa hata akionekana hasikii, na kuwaambia ndugu wasigombane juu ya kitanda chake. Mtu mmoja ashike mkono. Watoto waruhusiwe kuaga.

Mambo yanayotuuma zaidi sisi wa huku

Kuna mambo matatu ambayo kitabu cha mafunzo kutoka mbali hakiwezi kuyajua, na ni lazima mafunzo yetu yayaguse.

La kwanza ni ng'ombe. Familia nyingi zikisikia ugonjwa hauponi huanza kuuza mifugo na kuzunguka, kutoka kwa mganga huyu hadi hospitali ile, mpaka zizi linabaki tupu. Mgonjwa anafariki akiwa njiani, na watoto wanabaki hawana kitu. Kama mtu aliyefundishwa angekaa na familia hiyo mapema na kuwaeleza nini kinawezekana na nini hakiwezekani, fedha ile ingenunua maziwa, sabuni na daftari za shule.

La pili ni tuhuma za uchawi. Kanda ya Ziwa, mikoa ya Wasukuma ikiwemo, ina historia ya kuumiza ya vikongwe kuuawa kwa kushukiwa kwamba wamemloga mtu, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Tuhuma hizo mara nyingi huzaliwa karibu na kitanda cha mtu anayekufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeueleza. Mhudumu anayeweza kusema kwa lugha ya nyumbani "hii ni saratani ya shingo ya kizazi, inakuja hivi na inakwenda hivi" anamtuliza mgonjwa, na pengine anaokoa maisha ya bibi wa nyumba ya pili.

La tatu ni mali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi anayeumbuka ni mjane. Mtu anayejua hali yake ana nafasi ya kuweka mambo sawa. Kwa sheria ya mila ya Tanzania, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi unaweza kuhifadhiwa RITA. Mhudumu hapaswi kuandika wosia wa mgonjwa wala kuwa upande wa yeyote, lakini anaweza kumkumbusha kwamba bado kuna muda.

Kijiji kianzie wapi?

Hakuna haja ya kusubiri jengo. Hospisi nyingi za Afrika Mashariki huwahudumia watu nyumbani kwao, na wagonjwa wengi ndivyo wanavyopenda. Hatua hizi ziko ndani ya uwezo wa kijiji cha kawaida:

- Chama cha kufa na kuzikana kiongeze neno moja kwenye katiba yake: kuuguzana. Sehemu ndogo ya mfuko itengwe kwa sabuni, mafuta ya taa au chaji ya taa, na nauli ya kufuata dawa.
- Zamu za msibani zianze kabla ya msiba. Watu wawili kwa siku, saa mbili tu, wampe nafasi anayeuguza alale au aende shambani.
- Serikali ya kijiji, zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakae pamoja, waorodheshe nyumba zenye wagonjwa wa kitandani, kwa siri na kwa ridhaa ya familia.
- Kijiji kiombe, kupitia mganga mfawidhi, wauguzi wenye mafunzo ya tiba shufaa waje kufundisha watu wachache waliochaguliwa. Wachaguliwe wanaojua kutunza siri na kusikiliza, wanawake kwa wanaume. Msemaji mzuri wa mikutano si lazima awe mhudumu mzuri.
- Viongozi wa dini waalikwe kwenye darasa hilohilo.

Kwa wanaotaka siku ya kuanzia mazungumzo, Siku ya Hospisi na Tiba Shufaa Duniani huadhimishwa kila Jumamosi ya pili ya mwezi Oktoba. Kwetu ni wakati ambao pamba imeshauzwa na mvua za kupandia hazijachanganya, kwa hiyo watu wanapatikana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumrudisha mgonjwa nyumbani

Kwa familia ambayo haiwezi kusubiri kijiji kijipange, haya ndiyo maswali ya kumuuliza daktari au muuguzi kabla ya kutoka wodini. Yaandikeni kwenye karatasi, na msione aibu kuyauliza yote.

1. Ugonjwa ni upi, na tutarajie nini wiki zijazo?
2. Dawa ya maumivu ni ipi, anywe saa ngapi, na ikizidiwa na maumivu tufanye nini?
3. Dawa hii ikiisha, tutaipata wapi karibu na nyumbani?
4. Mnaweza kutuandikia barua ya kupeleka zahanati yetu?
5. Kidonda, mrija au mfuko wa mkojo tunausafishaje? Tuonyesheni kwa vitendo kabla hatujaondoka.
6. Dalili zipi zitupeleke hospitali, na zipi ni za kawaida tukae naye nyumbani?
7. Tumpigie nani simu usiku?

Swali la saba ndilo alilokosa jibu lake yule msikilizaji wa Migato, na ndiyo maana alipiga simu redioni. Redio inaweza kueleza, lakini haiwezi kumgeuza mgonjwa wala kumshika mkono. Namba ya kupigwa usiku inapaswa kuwa ya mtu wa kitongoji hichohicho, aliyefundishwa, anayeweza kufika kwa miguu.